Safu Mlalo kwa Safu Wima: Kanuni ya Kale Ndani ya Programu za Kuchorwa

Carl Friedrich Gauss alikuwa kijana wa miaka 24 alipochapisha, mwaka 1801, kitabu chake cha Kilatini kuhusu nadharia ya namba, Disquisitiones Arithmeticae. Ndani ya kitabu hicho alikuwa akibadilisha herufi. Mahali pa x na y aliweka mafungu ya herufi nyingine, kisha mahali pa hizo nyingine akaweka mafungu mengine tena. Swali lililomkabili lilikuwa hili: ukifanya badiliko la kwanza, halafu ukafanya la pili juu yake, ni badiliko gani moja ambalo lingekufikisha palepale?

Tulifanye kwa namba ndogo. Chukua z = 4x + 5y, na w = x + 2y. Sasa tuseme x na y nazo zimejengwa kwa herufi nyingine: x = 2u + 3v, na y = 6u + 7v. Ukiziingiza kwenye mlinganyo wa kwanza, z inakuwa 4(2u + 3v) + 5(6u + 7v). Kusanya u zote: 8 na 30, jumla 38. Kusanya v zote: 12 na 35, jumla 47. Kwa hiyo z = 38u + 47v. Kwa njia hiyohiyo utaona kwamba w = 14u + 17v.

Itazame ile 38 imetoka wapi. Ni 4 mara 2, ukiongeza 5 mara 6. Ile 4 na ile 5 zilikaa mlalo katika mlinganyo mmoja. Ile 2 na ile 6 zilikaa wima, moja chini ya nyingine, katika milinganyo miwili. Hakuna aliyeketi akaamua kwamba mlalo ukutane na wima. Imekuwa hivyo kwa sababu u ina njia mbili tu za kufika kwenye z, ama kupitia x ama kupitia y. Katika kila njia namba zinazidishana, na mwisho wa njia zote matokeo yanajumlishwa. Kanuni nzima ya kuzidisha matriki, yaani majedwali ya namba, imo humo.

Wanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania huikuta kanuni hii katika mada ya matriki na mageuzo. Mara nyingi huipokea kama amri: kidole cha kushoto kitembee mlalo, cha kulia kishuke wima, zidisha, jumlisha. Wanaimudu kwa mazoezi, wanafaulu mtihani, na wengi wanaondoka bila kujua kwa nini isiwe mlalo kwa mlalo. Naona hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa sababu yenyewe inatosha ubaoni kwa mistari mitano.

Baada ya Gauss kanuni iliendelea kujitokeza kwa watu mbalimbali bila kuwa na jina. Tarehe 30 Novemba 1812, huko Paris, Jacques Binet na Augustin-Louis Cauchy waliwasilisha siku hiyohiyo, kila mmoja kwa kazi yake, kanuni ya kuzidisha determinanti, yaani namba moja inayokokotolewa kutoka jedwali la namba, na ndani ya kanuni hiyo mlikuwa na jumla zilezile za mlalo kwa wima. Kilichokosekana bado ni mtu wa kulitazama lile jedwali la namba kama kitu kimoja, kinachoweza kuongezwa na kuzidishwa kama namba ya kawaida.

Jina la matriki lilitoka kwa James Joseph Sylvester mwaka 1850. Aliyelipa jedwali hilo hesabu zake ni rafiki yake Arthur Cayley. Wakati huo Cayley hakuwa mwalimu wa chuo chochote. Alikuwa wakili London, katika Lincoln's Inn, na kwa miaka 14 alijipatia riziki kwa kuandaa hati za mali na ardhi huku akitoa zaidi ya makala 200 za hisabati. Mwaka 1858 jarida la Royal Society lilichapisha risala yake kuhusu nadharia ya matriki. Humo alieleza kuzidisha kwa njia ileile tuliyoifuata hapo juu: matriki mbili zikizidishwa, zao lake ni lile badiliko moja linalopatikana mabadiliko mawili yakifuatana.

Kwa kuwa maana yake ni kufuatana, mpangilio una uzito. Matriki yenye safu mlalo 4, 5 na 1, 2 ikizidishwa kwa ile yenye 2, 3 na 6, 7 inatoa 38, 47 na 14, 17. Zigeuze, ile ya pili itangulie, na utapata 11, 16 na 31, 44. Hakuna hata namba moja iliyobaki mahali pake. Cayley aliliona hilo na akalikubali bila wasiwasi. Katika risala hiyohiyo alitoa nadharia maarufu kwamba kila matriki inautimiza mlinganyo wake mwenyewe, akaihakiki kwa matriki za mbili kwa mbili, akasema ameihakiki pia kwa tatu kwa tatu, na akaona hapakuwa na haja ya kuhangaika na uthibitisho kamili.

Zao la skala lililomo ndani ya kila jumla ya mlalo kwa wima, yaani tendo la kuchukua orodha mbili za namba, kuzidisha kila moja na mwenzake, na kujumlisha yote hadi ibaki namba moja, lilikuzwa katika nyumba nyingine kabisa. Tendo lenyewe ni la kila siku. Muuza duka anayeandika kilo 2 za sukari, kilo 5 za unga na lita 1 ya mafuta, kisha akazidisha kila kiasi kwa bei yake na kujumlisha deni la mteja, amelifanya. Lakini wanahisabati walilifikia kwa kuzunguka sana.

Tarehe 16 Oktoba 1843 William Rowan Hamilton alikuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji wa Royal Canal mjini Dublin. Kwa miaka mingi alikuwa ametafuta namna ya kuzidisha mishale ya anga la vipimo vitatu, na siku hiyo jibu lilimjia ghafla: hazitoshi sehemu tatu, zinahitajika nne. Alichonga mlinganyo wake kwenye jiwe la daraja la Broom. Namba hizo, kwatenioni, zina sehemu moja ya skala na sehemu tatu za vekta, na maneno yote mawili, skala na vekta, ameyaingiza yeye katika hisabati kwa maana hiyo. Ukizidisha vekta mbili kwa njia ya Hamilton, sehemu ya skala ya jibu ndiyo zao la skala tunalolijua leo, ila limewekewa alama ya kutoa mbele yake.

Miaka hiyohiyo, katika mji wa Stettin, ambao leo ni Szczecin nchini Poland, mwalimu wa shule aitwaye Hermann Grassmann alikuwa akijenga mfumo mpana zaidi. Kitabu chake cha 1844 hakikupata wasomaji. Alikiandika upya mwaka 1862 na bado hakikusomwa. Katika kazi zake za miaka ya 1840 limo zao linalolingana na zao la skala la leo, tena kwa vipimo vyovyote, siyo vitatu tu. Baadaye alielekeza nguvu zake nyingi kwenye lugha ya Kisanskriti na akatunga kamusi ya Rig-Veda iliyoheshimiwa sana na wanaisimu. Nikiisoma habari ya Grassmann huumia moyo, maana alikuwa mbele ya wenzake kwa nusu karne na alilijua hilo.

Waliolitoa zao la skala kwenye kwatenioni na kulisimamisha peke yake ni watu wa fizikia. Josiah Willard Gibbs, profesa wa Yale, alichapisha kijitabu kwa ajili ya wanafunzi wake kwa mafungu mawili, 1881 na 1884. Oliver Heaviside, aliyekuwa fundi wa simu za maandishi Uingereza, alifika mahali hapohapo akiwa peke yake, kwa sababu nadharia ya umeme na sumaku ilimlazimu. Wote wawili waliona kwamba katika kazi halisi sehemu ya skala na sehemu ya vekta hazihitajiki pamoja, basi wakazitenga na kila moja ikawa zao lake. Wafuasi wa Hamilton, hasa Peter Guthrie Tait wa Edinburgh, walikasirika, na mabishano yakachapishwa katika jarida la Nature mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1901 Edwin Bidwell Wilson alitoa kitabu kamili kilichotokana na mihadhara ya Gibbs, na nukta kati ya vekta mbili ikaenea duniani.

Sasa mito miwili ilikuwa imefika bonde moja. Chukua safu mlalo ya matriki ya kwanza kama vekta, chukua safu wima ya matriki ya pili kama vekta, tafuta zao lake la skala: umepata namba moja ya matriki ya jibu. Lakini kujua kwamba mambo mawili ni kitu kimoja huchukua muda. Werner Heisenberg alipounda nadharia yake ya atomi mwaka 1925, alizidisha majedwali ya namba kwa jumla za mlalo kwa wima bila kutambua kwamba anazidisha matriki. Kilichomsumbua ni kwamba jibu lilibadilika alipobadili mpangilio. Max Born, bosi wake huko Göttingen, ndiye aliyekumbuka masomo yake ya ujana Breslau na kumwambia hilo ni jambo linalojulikana.

Kompyuta zilipokuja, kanuni hii ilikuwa kati ya kazi zao za kwanza na bado ni kati ya kubwa kuliko zote. Hesabu yake inapanda haraka. Matriki mbili za 100 kwa 100 zinatoa jibu lenye namba 10,000, na kila namba ni zao la skala lenye kuzidisha mara 100, jumla kuzidisha mara 1,000,000. Ukiongeza ukubwa hadi 1,000 kwa 1,000 unafika bilioni moja. Katika Fortran, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957, kazi hiyo iliandikwa kwa vitanzi vitatu, kimoja ndani ya kingine: cha nje kinahesabu safu mlalo, cha kati safu wima, na cha ndani kabisa kinafanya zao la skala. Mwaka 1979 Lawson, Hanson, Kincaid na Krogh walichapisha mkusanyiko wa programu ndogo 38 za hesabu za vekta, uitwao BLAS, ili kila mtu asianze upya. Zao la skala lilikuwa mojawapo.

Hapo ndipo safu mlalo na safu wima zilipoacha kuwa sawa. Karatasini macho hutembea mlalo na wima kwa urahisi uleule. Kumbukumbu ya kompyuta ni mstari mmoja mrefu, na jedwali halina budi kukatwa vipande na kulazwa kwenye mstari huo. Fortran huzilaza safu wima, moja baada ya nyingine. Lugha ya C huzilaza safu mlalo. Vyovyote utakavyochagua, mmoja wa wale wawili wanaokutana katika zao la skala atakuwa amejipanga vizuri, na mwenzake itabidi aokotwe kwa kuruka ruka.

Hata hivyo, ukisoma vitanzi vitatu vya Fortran huoni njia zile za u kwenda z. Unaona i, j na k, na maagizo ya kutekelezwa moja baada ya jingine. Mtu wa kwanza aliyejaribu kwa uzito kuchora hesabu badala ya kuiandika alikuwa Bert Sutherland, ambaye mdogo wake Ivan alikuwa tayari amesifika kwa programu ya kuchorea iitwayo Sketchpad. Mwaka 1966, katika tasnifu yake ya MIT, Bert alitumia kompyuta ya TX-2 iliyokuwa Lincoln Laboratory, Massachusetts, kuchora programu kwenye kioo: visanduku vya kujumlisha na kuzidisha vilivyounganishwa kwa mistari, na data ikipita kwenye mistari hiyo. Kisanduku kilifanya kazi pale tu vitu vyote kilivyovingojea vilipofika. Lakini TX-2 ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na wazo hilo halikuweza kwenda mbali nayo.

Miaka 20 baadaye wazo hilo lilitua Austin, Texas. James Truchard, Jeff Kodosky na Bill Nowlin, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Texas, walikuwa wameanzisha kampuni ya National Instruments mwaka 1976, wakitengeneza vifaa vya kuunganisha kompyuta na vipimio. Wateja wao walikuwa wahandisi na wanasayansi waliojua vema wanachopima, ila kuandika programu kuliwala muda mwingi. Truchard aliona jinsi programu za majedwali zilivyowakomboa wahasibu, akataka wahandisi wapate chao. Kodosky ndiye aliyeachiwa kufikiri.

Kodosky alijua michoro ya mtiririko wa data, na alijua pia udhaifu wake: kitanzi. Data ikizunguka na kurudi ilikotoka, mistari inajisokota na mchoro hausomeki. Suluhisho lake lilikuwa fremu. Kitanzi kikawa kisanduku kinachozungushiwa sehemu ya mchoro. Kwa nje kinatenda kama alama nyingine yoyote, yaani kinangoja data zake zote ziingie na kinatoa matokeo kikimaliza. Kwa ndani, mchoro uliozungushiwa unarudiwa mara nyingi kadiri inavyotakiwa. Kwenye kingo za fremu aliweka vishale vya kubebea thamani kutoka duru moja hadi inayofuata, ambavyo watumiaji wanaviita rejista za kuhamishia. Lugha yao ya kuchorwa, LabVIEW, ilitoka Oktoba 1986, kwa Macintosh tu, kwa kuwa kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa na skrini ya michoro iliyofaa. Toleo la pili, mwaka 1990, liliugeuza mchoro kuwa lugha ya mashine moja kwa moja, na kasi yake ikapanda sana.

Zao la skala katika LabVIEW linachorwa hivi. Waya mbili, kila moja imebeba orodha ya namba, zinaelekezwa kwenye ukingo wa kushoto wa fremu ya kitanzi. Zikigusa ukingo zinakonda, kwa sababu fremu inazipitisha namba moja moja, moja kwa kila duru. Ndani, waya hizo mbili nyembamba zinaingia kwenye pembetatu ya kuzidisha. Kinachotoka kinaingia kwenye pembetatu ya kujumlisha, pamoja na jumla iliyofika kutoka duru iliyotangulia kupitia rejista. Jumla mpya inakwenda kwenye rejista ya upande wa kulia, tayari kwa duru inayofuata. Orodha ya 4 na 5 ikikutana na ya 2 na 6, kitanzi kinazunguka mara mbili na kutoa 38. Hakuna i, hakuna k. Njia mbili za u kwenda z, ambazo aljebra ilikuwa imezificha, zinaonekana kwa macho.

Mchoro una mitego yake, na ni vema ijulikane. Rejista ya kuhamishia isiyopewa 0 ya kuanzia hubaki na thamani iliyoachiwa na mwendo uliopita, maadamu programu bado iko kwenye kumbukumbu. Mara ya kwanza unapata 38 na unafurahi. Ukiendesha tena unapata 76, kisha 114. Mtego mwingine ni wa urefu: orodha zikiwa hazilingani, kitanzi huzunguka kwa idadi ya ile fupi na kunyamaza, wakati katika hisabati zao hilo halipo kabisa.

Kwa matriki nzima unazungusha fremu nyingine kwa nje, na nyingine tena. Orodha ya vipimo viwili ikigusa ukingo wa fremu ya nje, kinachoingia katika kila duru ni safu mlalo moja, kwa kuwa LabVIEW huhifadhi jedwali kwa safu mlalo. Hiyo inaifaa matriki ya kwanza. Matriki ya pili inatakiwa kutoa safu wima, na fremu haitoi safu wima yenyewe. Ndiyo sababu katika michoro ya watu wa LabVIEW utaikuta alama ndogo kabla ya ukingo, ikilipindua jedwali la pili ili mlalo uwe wima na wima uwe mlalo. Mtu aliyeisahau anapata mlalo kwa mlalo: badala ya 38, 47 anapata 23 na 59. Jedwali la jibu bado ni la mbili kwa mbili na programu haijalalamika.

Wengi huliona hilo gumu na hujaribu njia ya mkato, wakipeleka waya mbili za majedwali moja kwa moja kwenye pembetatu ya kuzidisha. Jibu linatoka, lakini si la Cayley. Pembetatu hiyo huzidisha kila namba na ile iliyo mahali pake, 4 na 2, 5 na 3, 1 na 6, 2 na 7, nayo inatoa 8, 15 na 6, 14. Kuna matumizi halali ya zao la namna hiyo, mfano kupima kila nukta ya picha kwa uzito wake, kwa hiyo watengenezaji hawakuweza kuliondoa. Katika maktaba ya LabVIEW waliweka alama maalumu ya matriki kwa matriki, na nyingine ya zao la skala la vekta mbili. Baadaye wakaongeza aina ya data iitwayo matriki, yenye waya yake. Pembetatu ileile ya kuzidisha, ikiunganishwa na waya hizo, hufuata mlalo kwa wima.

Bado nawashauri wanaojifunza waichore kwanza kwa mkono, fremu tatu na rejista moja, hata kama alama iliyo tayari iko hatua mbili kutoka hapo. Mchoro unaonyesha jambo ambalo hati ya maagizo hailionyeshi: nani anamngoja nani. Ndani ya zao moja la skala, kila jumla inaingoja jumla iliyotangulia, kwa kuwa waya inapita kwenye rejista. Kati ya namba moja ya jibu na jirani yake hakuna waya yoyote. Ile 38 haihitaji kujua lolote kuhusu 17.

Prosesa zilipoanza kuja na viini viwili, vinne na zaidi, jambo hilo lilipata thamani ya fedha na muda. Toleo la LabVIEW la 2009 lilimruhusu mtumiaji kubofya kitanzi na kuagiza duru zake zigawanywe kwa viini tofauti, zifanyike kwa wakati mmoja. Fremu ya ndani ya mchoro wetu, yenye rejista ya kujumlishia, haikubali agizo hilo. Fremu mbili za nje, ya safu mlalo na ya safu wima, zinalikubali bila kubadilisha waya hata moja.